Milango minne kwenye lupangu moja: mwongozo kamili wa kujenga nyumba za kupangisha Lubumbashi bila kukwama kwenye linto

Kila mwaka mvua za Novemba zinapoanza, swali ni lile lile: kuta zimefika kwenye linto, juu ya madirisha, pesa imekwisha, malata ya paa hayajanunuliwa, nifanye nini? Zunguka Annexe, Ruashi au pembezoni mwa Kampemba uone kuta zisizo na paa, majani yameota ndani. Wengi wa wenye kuta hizo si wazembe. Wamepeleka pesa kwenye ujenzi mwezi baada ya mwezi, na pesa hiyo haijawarudishia faranga hata moja.

Walianza na ramani, kisha wakatafuta pesa, na mwisho kabisa ndipo wakauliza mpangaji atalipa ngapi. Nyumba ya kujikalia unaweza kuijenga hivyo, maana hakuna anayekudai faida. Nyumba ya kupangisha inaanzia kwenye pango, yaani pesa ya mpangaji ya kila mwezi, na kurudi nyuma hadi kwenye msingi. Ndio mpangilio tutakaoufuata hapa.

Mfano wetu ni milango minne, yaani nyumba nne ndogo, kwenye mstari mmoja, kila mlango mita 5 kwa 8, kwenye lupangu (kiwanja) la mita 20 kwa 30. Kila mlango una saluni (sebule), vyumba viwili vya kulala, jiko dogo na choo ndani. Bei zote nitakazotaja ni za kuonyesha njia ya kuhesabu. Ziondoe, uweke zile utakazozikuta sokoni wiki hii.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya jembe la kwanza

Karatasi: certificat d'enregistrement (hati ya usajili) ya lupangu, au angalau mkataba ulio kwenye njia ya kuipata, ruhusa ya kujenga kutoka huduma ya Urbanisme na Habitat (mipango miji na makazi), ramani yenye vipimo.

Pesa, katika mafungu matatu yasiyochanganyika: fungu la msingi na kuta, fungu la paa, fungu la kumalizia. Fungu la paa ndilo la kwanza kujazwa. Likiwa tupu, usichimbe.

Vifaa vya milango miwili ya kwanza (nitaeleza kwa nini miwili):

- Bloki za simenti za sentimita 40 kwa 20, karibu 1,650 kwa kuta kubwa, kabla ya kutoa nafasi za milango na madirisha. Kuta za kugawa vyumba zihesabiwe kando.
- Simenti mifuko 31 kwa zege ya msingi na 10 kwa ringi ya juu (mkanda wa zege juu ya madirisha). Simenti ya kuunganisha bloki, ya plasta na ya sakafu ina hesabu yake.
- Nondo za milimita 10, vipande 17 vya mita 12 kwa ringi ya juu. Za milimita 6, vipande 11 kwa pete zake.
- Malata ya kufunika karibu mita za mraba 95, mbao zilizotiwa dawa, misumari yenye kofia.
- Mchanga, kokoto, mawe ya msingi, mabomba ya sentimita 11 ya maji machafu.
- Pipa mbili za maji na turubai. Vinaonekana vidogo, lakini bila hivyo zege yako haitakomaa vizuri.

Watu: fundi mkuu mmoja ambaye umeiona kazi yake ikiwa na umri wa miaka mitatu au zaidi, fundi wa mabomba, fundi wa umeme, na mlinzi wa usiku kuanzia siku nondo ya kwanza inapoingia lupanguni.

## Hatua ya 1: Jua pango la mtaa wako

Usimuulize bayeri (mwenye nyumba) mwenzako, atakutajia bei anayoitamani. Usimuulize komisionera (dalali) peke yake, yeye anakula kwenye bei kubwa. Waulize wapangaji wanaokaa tayari, kwenye mitaa iliyo umbali wa kutembea kwa mguu kutoka lupangu lako. Uliza mambo manne: unalipa ngapi, kwa dola au kwa faranga, umekaa muda gani, nini kingekufanya uhame.

Swali la nne lina thamani kuliko mengine. Upande wa Kasapa, karibu na chuo kikuu cha UNILU, mwanafunzi anaweza kukujibu kuwa kinachomsumbua ni umeme wa kusomea. Mama mwenye watoto watano Katuba atakwambia maji. Mfanyakazi wa kampuni atataka mahali pa kuweka gari. Majibu hayo ndiyo yanayoamua pesa yako iende wapi. Hakuna anayelipa zaidi kwa sababu ya nguzo za mapambo kwenye baraza.

Kazi hii imekamilika ukiwa na majibu ya wapangaji kumi au zaidi na unaweza kuandika namba moja: pango ambalo mlango kama wako utapata ndani ya wiki chache, bila kubembeleza. Namba hiyo ndiyo dari ya kila kitu kinachofuata.

## Hatua ya 2: Hesabu kwa miezi kumi

Mwaka una miezi kumi na miwili, lakini nyumba ya kupangisha hailipi yote. Mtu anahama, unapaka rangi upya, mwezi umepita. Mwingine anakwama kulipa. Kwa hiyo hesabu miezi 10 tu.

Tuchukue mlango wa dola 90. Milango minne ni 360 kwa mwezi, 3,600 kwa miezi kumi. Ondoa 10% za matengenezo, 360. Ondoa kodi ya mapato ya nyumba, IRL. Kodi hii inakusanywa na mkoa, na kiwango kilichojulikana kisheria kilikuwa 22% ya pango lote, bila kutoa gharama. Uliza kwenye ofisi ya kodi ya mkoa kama kimebadilishwa. Kwa 22% ni dola 792. Unabaki na 2,448 kwa mwaka.

Kama ujenzi wote utagharimu dola 22,000 bila kuhesabu ardhi, pesa yako itarudi baada ya miaka 9. Wengi wanapiga 360 mara 12, wanapata 4,320, wanajiambia ni miaka mitano. Tofauti kati ya mitano na tisa ndiyo inayowavunja, kwa sababu waliahidi mke, ndugu au benki kwa hesabu ya mitano.

Sasa linganisha na wazo ambalo mtaa wote utakupa: «Jenga vyumba vinane vya kimoja kimoja, choo cha pamoja uani.» Tuseme chumba ni dola 40, na ujenzi ni 14,000 kwa sababu mabomba ni machache. Vyumba vinane ni 320 kwa mwezi. Hapa hesabu miezi 9, maana wapangaji wa chumba kimoja wanahama sana: 2,880. Matengenezo 15%, 432. Kodi 634. Unabaki na 1,814, na pesa inarudi kwa miaka 7 na miezi kadhaa.

Vyumba vimeshinda, na sitaficha hilo. Mwenye mtaji mdogo anayekaa mwenyewe kwenye lupangu anaweza kuvichagua bila aibu. Lakini familia nane kwenye choo kimoja zinahitaji mtu wa kusimamia usafi, maji na kashpawa (mita ya umeme wa kulipia kabla) kila siku inayoamka. Kama unakaa Golf na lupangu liko Ruashi, au uko Kolwezi kikazi, hutaweza kazi hiyo, na mtu utakayemlipa aifanye atakula tofauti yote. Kwa bayeri anayeishi mbali nasema milango minne yenye choo ndani, hata kama inachelewa kurudisha pesa.

Onyo kuhusu mkopo. Chukua nusu ya gharama, dola 11,000, kwa benki inayodai 18% kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni karibu 1,980. Kwenye zile 2,448 zimebaki 468, na hujalipa hata dola moja ya mtaji. Na wakati nyumba inajengwa haina pango lolote, riba inatembea. Mkopo mfupi wa kumalizia nyumba ambayo tayari ina paa unaweza kueleweka. Mkopo wa kuchimbia msingi ni hatari tupu.

## Hatua ya 3: Karatasi, kabla ya bloki

Kwa sheria ya ardhi ya Julai 1973, namba 73-021, udongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia, na kifungu cha 219 kinasema haki hiyo inathibitishwa na certificat d'enregistrement tu. Karatasi ya shefu wa mtaa inasaidia kujulikana. Haikupi ardhi.

Nenda mwenyewe kwenye ofisi ya Conservation des titres immobiliers (inayosajili hati za ardhi) ya eneo lako, uangalie jina lililo kwenye kitabu. Lilingane na jina la anayekuuzia. Kama ameoa au ameolewa, mume na mke wote wawili watie sahihi. Mauzo ya upande mmoja yamezaa kesi nyingi. Kama ni lupangu la marehemu, taka kuona warithi wote, si yule mkubwa tu anayesema kwa niaba ya wengine.

Pima upya na mtu wa kadastre (huduma ya kupima ardhi), simika mawe ya mipaka mbele ya majirani. Ni gharama ya siku moja. Ukuta uliovuka mpaka kwa sentimita 60 unaweza kukutoa kwenye ujenzi kwa mwaka mzima.

Ruhusa ya kujenga wengi wanairuka wakisema wataipata baadaye. Baadaye, afisa anasimamisha kazi siku ya kumwaga zege, na ile zege iliyochanganywa haimsubiri mtu. Ipate kwanza.

## Hatua ya 4: Ramani inayookoa ukuta

Nyumba nne zilizosimama peke yake, kila moja mita 5 kwa 8, zinahitaji mita 104 za ukuta wa nje. Zikiunganishwa kwenye mstari mmoja wa mita 20 kwa 8, zinahitaji mita 56 za kuzunguka na kuta tatu za katikati za mita 8, jumla 80. Umeokoa mita 24. Kwa urefu wa mita 3 ni mita za mraba 72, karibu bloki 900, pamoja na msingi wake, ringi yake na plasta yake. Hakuna punguzo la bei sokoni litakalokupa kiasi hicho.

Lakini mstari una mtego wake. Milango ya katikati ina hewa mbele na nyuma tu. Fundi akipanga saluni mbele, vyumba katikati, choo nyuma, vile vyumba vya katikati havitakuwa na dirisha. Joto la Oktoba litawatoa wapangaji, na ukuta utaota ukungu wakati wa mvua. Gawa mlango kwa urefu: mbele saluni na chumba kimoja, nyuma chumba cha pili na upande wa jiko na choo. Kila chumba kiguse nje. Nyuma ya mstari acha nafasi mtu apite na hewa iingie.

Vyoo na majiko yapangwe yakipeana mgongo, mlango wa kwanza na wa pili, wa tatu na wa nne. Hivyo bomba moja linahudumia milango miwili, na likiziba unalifungua kutoka nje bila kuingia kwa mtu.

Ukuta kati ya mlango na mlango upandishwe hadi kwenye malata. Narudia kwa sababu karibu kila fundi ataukomesha kwenye plafo (dari) akisema, «Patron, juu hakuna mtu.» Juu anapita mwizi. Anaingia kwenye mlango usio na mpangaji, anapanda plafo, anashuka kwa jirani. Na kila ugomvi wa mume na mke unasikika nyumba tatu. Nyongeza ya bloki ni ndogo sana ukilinganisha na mpangaji mzuri anayehama.

## Hatua ya 5: Kalenda

Huku kwetu mvua zinashika Novemba hadi Aprili. Una miezi sita mikavu, na kila kitu kinachogusa udongo kimalizike humo.

Kisima kinakuja kabla ya yote. Chimba Septemba au Oktoba ya mwaka unaotangulia, maji ya chini yakiwa yameshuka kabisa. Kisima kilichochimbwa Machi kinatoa maji mengi siku hiyo, halafu kinakauka Septemba, wakati fundi anataka maji ya plasta.

Mei, pima na chimba msingi. Juni na Julai, kuta. Agosti, paa. Septemba na Oktoba, plasta, sakafu, mabomba, umeme. Mpangaji aingie kabla ya mvua kubwa.

Kuhusu kununua: nondo na malata nunua mapema, haviozi vikiwekwa pakavu, na vinakulinda dhidi ya faranga inayoshuka. Simenti inunuliwe karibu na siku ya kuitumia. Nyingine inatoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Malori yakikwama mpakani bei inapanda haraka, na hapo kishawishi ni kujaza depo (stoo). Lakini mfuko uliokaa miezi mitatu kwenye unyevu umepoteza nguvu. Ukiukuta una mabonge yasiyovunjika kwa vidole, usiutie kwenye zege.

Kwa nini milango miwili kwanza? Kwa sababu miwili yenye paa inalipa, na minne isiyo na paa hailipi. Ujue tu kwamba pango la miwili halitoshi kumaliza miwili mingine: kwa hesabu yetu ni dola 1,224 safi kwa mwaka, na nusu ya pili inaweza kudai 9,000. Akiba yako ya mshahara au biashara itabidi iendelee. Kinachobadilika ni kwamba ukichelewa, unachelewa ukiwa unalipwa.

## Hatua ya 6: Shimo la maji machafu na kisima

Hivi viwili vikae pembe zilizo mbali kabisa za lupangu. Angalau mita 15 kati yao, 30 ni bora. Kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Angalia na choo cha jirani nyuma ya ukuta, maana maji ya chini hayasomi mipaka ya kadastre. Mji huu umezika watu kwa kipindupindu; bayeri anayeweka shimo karibu na kisima anawapangisha watu ugonjwa.

Fosi septiki, ndilo shimo lenyewe la maji machafu, ijengwe ya milango yote minne tangu siku ya kwanza, hata kama unaanza na miwili. Kwa watu 20 hadi 24 ninapendekeza mita za ujazo 6, vyumba viwili ndani, plasta isiyovuja, mfuniko unaofunguka, na shimo la pembeni la kunywesha maji ardhini. Fosi iwe mahali ambapo lori la kunyonya uchafu litafika. Lupangu lisilo na njia ya lori litakulipisha vibarua wa ndoo kila mara.

Jaribio lake ni rahisi: jaza fosi maji, weka alama, acha usiku mmoja. Maji yasishuke.

## Hatua ya 7: Msingi

Chunguza kwanza kama kulikuwa na kichuguu. Vichuguu vikubwa vya Haut-Katanga ni udongo wa mfinyanzi mzuri wa kuchoma matofali, lakini ni kitanda kibaya cha nyumba: unavimba ukilowa, unapasuka ukikauka. Kikisawazishwa, hakionekani. Waulize wazee wa mtaa. Ukikuta nusu ya nyumba imekaa juu ya kichuguu cha zamani na nusu nje yake, ufa utakuja kwenye mpaka wa aina hizo mbili za udongo. Chimba hadi uvuke mfinyanzi, au hamisha nyumba mita chache.

Zege ya mtaro yenye upana wa sentimita 50 na unene wa 20, kwa mita 44 za kuta kubwa za milango miwili, ni mita za ujazo 4.4. Kwa mifuko 7 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo unapata ile mifuko 31 ya orodha. Fundi akitumia 18, uliza ile 13 iko wapi. Akitaka 45, uliza pia.

Maji yasizidi. Zege inayomiminika kama supu ni rahisi kumwaga na ni dhaifu milele. Funika na turubai, mwagilia asubuhi na jioni siku saba. Upepo mkavu wa Julai unaikausha juu kabla haijakomaa ndani.

Inua sakafu juu ya kiwango cha barabara. Ukijenga chini ya barabara, siku itakapotengenezwa na kuinuliwa, maji yatakujia sebuleni.

## Hatua ya 8: Kuta na ringi

Bloki zikifyatuliwa lupanguni, mfuko mmoja utoe karibu 30. Anayekuahidi 50 anakuuzia mchanga. Chukua moja yenye wiki mbili, idondoshe kutoka kiunoni juu ya udongo mgumu. Isisambaratike.

Usipandishe ukuta zaidi ya mita moja na nusu kwa siku. Juu ya madirisha yote pitisha ringi ya zege inayozunguka nyumba nzima na kuta za katikati: nondo nne za milimita 10, pete za milimita 6 kila sentimita 20. Hapa ndipo wengi wanapunguza. Ringi inashika kuta zote pamoja pale udongo unapocheza, na ndiyo inayoshikilia paa wakati wa dhoruba. Acha nyaya za chuma zilizozama kwenye ringi za kufungia mbao.

Hapa pia ndipo miradi inapokufa. Kama ulijaza fungu la paa kwanza, malata yako yanakusubiri depo na wiki hii ni ya kawaida tu. Kama hukujaza, simama. Funika vichwa vya kuta kwa simenti, ondoa fundi, tafuta pesa ya paa na ya paa peke yake. Usinunue milango wala vigae ili uone kazi imesonga.

## Hatua ya 9: Paa

Mbao zilizotiwa dawa, maana mchwa wa hapa hawali kwa heshima. Pindo litoke nje ya ukuta sentimita 60, mvua isipige plasta. Kwa upande utakaoungana na mlango wa tatu, maliza kama ukuta wa nje, plasta na kila kitu. Hujui ni miaka mingapi utasubiri.

Weka mifereji na pipa. Baada ya mvua kubwa ya kwanza ingia ndani mchana, funga mlango, tazama juu. Usione nyota za mwanga.

## Hatua ya 10: Umeme na maji kwa kila mlango

Kila mlango na kashpawa yake. Gharama ya kuanzia inauma, lakini kashpawa moja kwa milango minne ni kesi isiyoisha: mmoja ana friji ya biashara, mwingine taa mbili, wote wanagawana sawa. Kama shirika la umeme, SNEL, halijakupa mita nne, weka mita ndogo ndani na andika namba mbele ya wote kila mwisho wa mwezi.

Fundi aweke waya wa ardhini wa kweli, chuma kilichozamishwa kwenye udongo wenye unyevu. Radi za Katanga zinajulikana. Kwa delestaji (mgao wa umeme), pitisha mapema bomba tupu la waya kutoka paani hadi ukutani, mpangaji mwenye solari asitoboe malata yako.

Maji ya bomba ya shirika la REGIDESO yakifika, kila mlango na koki yake ya kufungia nje. Ukiwa na koki moja kuu, anayevujisha anawakatia wote.

## Hatua ya 11: Mpangaji wa kwanza

Mkataba uandikwe, upitishwe kwenye huduma ya habitat ya komini (manispaa). Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015, namba 15/025, inaweka garanti (amana ya mpangaji) ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Mabayeri wanaoomba sita au kumi wanajipatia mtaji haraka, lakini mpangaji anapohama hawana cha kumrudishia, na ugomvi unaanzia hapo. Garanti ni deni. Iweke mahali ambapo simenti haiifikii.

Andika pango kwa sarafu ipi, na kama ni faranga, kwa bei gani ya dola na siku gani. Piga picha kila chumba siku ya kukabidhi ufunguo, mbele yake, na mtie sahihi orodha: koki, soketi, vioo, kitasa. Mpangaji akiwa kampuni, itakukata sehemu ya kodi ya IRL yenyewe kabla ya kukulipa. Taka karatasi ya malipo hayo, bila hiyo utalipishwa mara mbili.

Kati ya anayetoa dola 100 leo na anayetoa 90 akiwa na barua ya kazi na bayeri wa zamani anayemsifia, mchukue wa 90. Miezi miwili tu isiyolipwa imekula tofauti ya zaidi ya mwaka mmoja.

Fungua daftari lenye safu nne: mwezi, pango lililoingia, matengenezo, kodi. Mwisho wa mwaka linganisha jumla na zile hesabu za Hatua ya 2. Kama milango miwili imekupa karibu na dola 1,224 za mfano, au namba yako mwenyewe uliyoiandika, agiza nondo za mlango wa tatu na wa nne Machi, fundi achimbe Mei. Kama imekupa pungufu sana, tafuta sababu kwanza kwa wapangaji wale wale uliowauliza mwanzoni: bei, maji, au njia ya kufika. Milango miwili zaidi yenye tatizo hilo hilo haitakuongezea pango, itakuongezea vyumba vya kufagia.